Kusafiri kwa Ajili ya Elimu na Kujifunza Lugha za Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanaadamu kwa elimu na akampa ulimi wa kuisemea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na ahli zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Mzee mmoja wa mji wetu ameleta suala katika duru, na ametaka lijibiwe kwa maandishi ili na wengine wafaidike. Kijana wake amemaliza skuli ya sekondari na amepata nafasi ya kwenda kusoma Uturuki. Lakini masomo aliyopangiwa kule ni kwa Kituruki, na kwa hivyo mwaka mzima wa kwanza hatasoma illa lugha tu, kisha ndipo aingie katika masomo aliyoyaendea. Mzee huyu auliza mambo matatu. La kwanza, je, mwaka huo si wa kupotea bure? La pili, je, mwenye kushika lugha ya watu hataishia kushika na mwendo wao, akaturudia hatumjui? La tatu, baadhi ya jamaa zake wamemwambia kuwa elimu yenye faida ni ile ya dini tu, nayo ipo papa hapa, haina haja ya kupandiwa ndege; je, maneno hayo ni kweli?

Twamshukuru mzee huyu kwa kuuliza kabla ya kukata shauri, kwani wengi wetu huuliza jambo likisha kuharibika. Wala suala hili si lake peke yake. Vijana wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wamekuwa wakitoka kwenda Misri, Madina, Malaysia, Uturuki, na Sudani mpaka vita vya mwaka 2023 vilipowarudisha, na nyuma yao hubaki wazazi wasiopata usingizi mzuri.

Twaanza na Qur'ani. Katika Surat Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametaja miongoni mwa dalili zake kuumbwa kwa mbingu na ardhi, na papo hapo akataja kutafautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu, kisha akasema kuwa katika hayo mna dalili kwa wenye elimu. Basi natutazame vyema. Hakuihesabu tafauti ya lugha kuwa ni laana wala adhabu. Ameihesabu kuwa ni dalili ya uwezo wake, na ameiweka safu moja na mbingu na ardhi. Na dalili ni kitu cha kutazamwa na kuzingatiwa, si kitu cha kugeuziwa uso. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, ametwambia kuwa hakumtuma mjumbe yeyote illa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Kwa hivyo mwenye kutaka kuwafahamisha watu jambo lolote, liwe la dini au la dunia, hana budi kuijua lugha wanayoifahamu wao. Kuwasemesha watu kwa lugha wasiyoijua kisha ukawalaumu kwa kutofahamu, hiyo si insafu.

Hapa yatupasa tusimame kidogo. Watu wetu wakitaka kusifu safari ya elimu hupenda kutaja ile hadithi mashuhuri yenye kutaja Uchina, na wakitaka kusifu lugha hutaja maneno yasemayo kuwa mwenye kujua lugha ya watu husalimika na hila zao. Maneno yote mawili yamepokewa sana mimbarini. Lakini hiyo ya Uchina, wanazuoni wa hadithi wameitia ila katika isnadi yake, na Ibn al-Jawzi ameiweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Na hayo ya pili hayakuthubutu kuwa ni maneno ya Mtume kabisa. Ni hikima za watu. Huenda maana yake ikawa nzuri, lakini uzuri wa maana si ruhusa ya kumsingizia Mtume (s.a.w.) asichokisema. Wala hatuna haja nayo, maadamu tunayo yaliyo sahihi.

Na sahihi ni khabari ya Zayd bin Thabit (r.a.), iliyopokewa na Tirmidhi na Abu Dawud. Zayd alikuwa kijana mdogo wa Kiansari, Mtume (s.a.w.) alipofika Madina umri wake ulikuwa kama miaka kumi na moja. Barua zilikuwa zikija kwa maandishi ya Mayahudi, na majibu yapaswa kuandikwa kwa maandishi hayo hayo, na Mtume hakuwa radhi mambo ya Waislamu yawe mikononi mwa mfasiri wa nje asiyeaminika. Akamwamrisha Zayd ajifunze. Zayd mwenyewe asimulia kuwa haukupita illa nusu ya mwezi naye ameyashika, akawa ndiye asomaye barua zinazokuja na ndiye aandikaye zinazokwenda. Na katika mapokezi mengine imetajwa lugha ya Kisuryani.

Tuifikirini khabari hii. Aliyeamrisha ni Mtume mwenyewe. Aliyeamrishwa ni kijana, si mzee aliyekwisha kushiba elimu. Na lugha yenyewe haikuwa ya Waislamu, bali ya watu ambao baadhi yao walikuwa wakimfanyia Mtume uadui waziwazi. Hakusema kuwa lugha yao ni najisi kwa kuwa wao hawakumwamini. Alijua kuwa umma usiokuwa na mtu wake wa kusoma barua zake utasomewa na mwengine, na utasomewa apendavyo huyo mwengine.

Na liko jambo ambalo wengi huliacha wanapoisimulia khabari hii. Zayd huyu huyu ndiye ambaye Abubakar (r.a.) alimkhitari kuikusanya Qur'ani, kisha Uthman (r.a.) akamkhitari tena ilipoandikwa misahafu ya kupelekwa mijini. Sahaba walikuwako wengi, na baadhi yao ni wakubwa kuliko yeye. Lakini hakuna aliyesimama akasema, "Huyu amejifunza lugha za watu, tusimwamini na Kitabu cha Mwenyezi Mungu." Mzee wetu aliyeuliza suala la pili, jibu la kwanza tunampa hapa: lugha haikumtoa Zayd katika dini, ilimzidishia amana.

Ama safari yenyewe, khabari zake ni nyingi hata mtu hajui ashike ipi aache ipi. Nabii Musa (a.s.), naye ni mtume aliyesema na Mola wake, alisafiri mpaka akachoka na kuona njaa, ili ajifunze kwa mja mwengine, na kisa chake twakisoma kila Ijumaa katika Surat al-Kahf bila ya kukizingatia. Jabir bin Abdallah (r.a.) alisikia kuwa iko hadithi moja kwa Abdullah bin Unays, naye yuko Sham. Akanunua ngamia, akenda mwendo wa mwezi mzima, akabisha hodi, akaisikia hadithi ile. Hadithi moja! Na leo kijana wetu hushindwa kuvuka feri ya Likoni kufuata darasa, akasema ni mbali.

Na khabari ya Sibawayhi yapasa isomwe khasa na wale wasemao kuwa Kiarabu ni cha Waarabu, sisi wengine hatukiwezi. Sibawayhi alikuwa Mfursi, mtu wa upande wa Shiraz. Alikwenda Basra kusoma hadithi na fiqhi, na imesimuliwa kuwa alipokuwa akisoma mbele ya sheikh wake alikosea irabu, akarudiwa mbele ya watu. Akaona haya, akajifunga kuisoma nahau mpaka akatunga kitabu ambacho hata leo wenye nahau wa Kiarabu wakikitaja husema "al-Kitab" tu, na kila mtu akajua ni kipi. Basi lugha ya Kiarabu ilipata mwalimu wake mkubwa kwa mtu ambaye haikuwa lugha ya mama yake, na sababu ni kuwa alikubali kuchekwa siku moja.

Jambo hili la kuchekwa ndilo lijibulo suala la kwanza la mzee wetu, la mwaka wa kupotea. Kijana hodari, aliyekuwa wa mbele skulini kwao, hufika ugenini akawa kama mtoto mchanga. Hawezi kuuliza njia, hawezi kununua mkate illa kwa kuonyesha kidole, na mtoto wa mwenye duka wa miaka sita amshinda kusema. Mwaka ule humfundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha skuli: humfundisha subira, na kusikiliza kabla ya kunena, na kutomdharau mgeni asiyejua lugha. Kijana aliyepitia hayo, akirudi kwao hamcheki mtu wa bara au Mhindi anayekosea Kiswahili dukani, kwani yeye mwenyewe amekwisha kuonja.

Tena humfundisha lugha yake mwenyewe. Sisi Waswahili twasema Kiswahili kama tunavyovuta pumzi, na hatujui kimejengwa vipi mpaka tukutane na lugha iliyojengwa namna nyengine. Wanafunzi waliorudi kutoka Uturuki wametueleza jambo la kupendeza. Sisi hubandika mbele ya neno: mtu, watu. Waturuki hubandika nyuma. Nyumba kwao ni "ev". Zikiwa nyingi ni "evler". Zikiwa nyumba zetu ni "evlerimiz". Na katika nyumba zetu ni "evlerimizde", yote neno moja, kama treni inayoongezwa mabehewa. Na kama sisi tunavyosema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, na wao ni hivyo hivyo, tafauti na Kiarabu na Kiingereza. Kisha kijana huyo huyo atakuta njiani maneno aliyoyaacha nyumbani: kitabu kwao ni "kitap", kalamu ni "kalem", saa ni "saat", khabari ni "haber", na dunia ni "dünya". Akenda Malaysia atasalimiwa "apa khabar", naye atacheka mwenyewe. Maneno haya yalisafiri pamoja na dini na biashara, upande huu na upande ule, na sisi na wao tumekuwa majirani katika ulimi kabla ya kuonana kwa macho.

Wako wasemao kuwa lugha ya kigeni huharibu lugha yetu. Hawa twawaomba wamwangalie mama yao. Leso aliyojifunga, neno lake ni la Kireno. Meza anayoandalia chakula ni neno la Kireno. Wareno walitupiga vita, wakatujengea Ngome ya Yesu kutoka mwaka 1593, kisha wakafukuzwa. Leso ikabaki, nasi hatukuwa Wareno. Gari na chai yametoka Mashariki, na shule yatoka kwa Wajarumani. Lugha yenye nguvu hula ya wenzake na hunenepa. Inayokufa ni ile ambayo wenyewe huiona haya.

Na katika hili Waturuki wanayo ibra ambayo twapenda kijana yule aitazame vizuri atakapofika. Mwaka 1928 serikali yao iliziacha herufi za Kiarabu na ikachukua za Kilatini. Na kutoka mwaka 1932 mpaka mwaka 1950 hata adhana ilikuwa sharti iadhiniwe kwa Kituruki. Adhana imerudi, walhamdulillah, lakini herufi hazikurudi, na leo kijana wa Istanbul hupita mbele ya kaburi la babu wa babu yake asiweze kulisoma jiwe lake. Lakini tusiharakishe kuwasikitikia Waturuki. Sisi nasi Kiswahili chetu tulikuwa tukikiandika kwa herufi za Kiarabu. Tenzi za wazee wetu ziliandikwa hivyo, na barua zao, na hati za mashamba yao. Gazeti la marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, la Sahifa, lililotoka Mombasa mwaka 1930, lilikuwa kwa Kiswahili na kwa herufi hizo. Nani katika vijana wetu awezaye kulisoma leo? Wala hakuna serikali iliyotulazimisha. Tumeziacha wenyewe, polepole, huku tukilalamika kuwa wageni watatupotezea mila.

Tumemtaja Sheikh al-Amin, na yeye ni shahidi wetu katika mas-ala haya. Hakuwa mtu wa kujifungia. Alisoma Mombasa na Unguja, alikuwa akifuatia majarida ya Misri kama al-Manar, na yale aliyoyafahamu kwa Kiarabu akawaandikia watu wake kwa Kiswahili wakipendacho na wakifahamucho. Na kabla yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisafiri Makka na Hadhramaut kwa ajili ya elimu, kisha akaweka chuo Unguja kilichotoa maulamaa wa pwani yote. Mtoto wa Sheikh al-Amin, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014, alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akasomesha Marekani miaka mingi, na katika mwaka 1986 akawaonyesha Wazungu katika televisheni zao kuwa Afrika ina urithi wa Kiislamu ambao wao walikuwa wakiupuuza. Alisema nao kwa Kiingereza chao, na walipokasirika walikasirika kwa kuwa wamefahamu. Alipokufa aliletwa Mombasa akazikwa kwa wazee wake. Mtu aweza kuwa na maneno juu ya baadhi ya rai zake, na sisi tunayo, lakini hakuna awezaye kusema kuwa alikwenda akapotea.

Lakini mfano tuupendao zaidi ni wa Misri. Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka kundi la vijana kusoma Paris. Akaogopa watapotea dini, basi akataka wafuatwe na sheikh wa kuwasalisha na kuwawaidhi. Sheikh Hasan al-Attar wa Azhar akampendekeza mwanafunzi wake, Rifaa al-Tahtawi, kijana wa miaka kama ishirini na tano. Huyu hakupelekwa kusoma. Alipelekwa kuwa imamu. Lau angetaka, angekaa miaka yake Paris akisalisha na kulalamikia baridi, na hapana ambaye angemlaumu. Lakini hakukubali kukaa katika mji ambao hausomi. Akaanza kujifunza Kifaransa, neno baada ya neno, naye ni alimu mwenye kilemba chake. Akakaa miaka mitano. Akasoma tarikhi yao, jiografia yao na kanuni zao. Akaona kwa macho yake mapinduzi ya mwaka 1830, watu wakimwondosha mfalme aliyetaka kuvunja kanuni, akayaandika hayo na akaifasiri kanuni yao kwa Kiarabu. Aliloliona zuri alilisema kuwa ni zuri, na lililokhalifu dini alilisema kuwa limekhalifu. Hakuvuliwa kilemba wala hakukitumia kujifunika macho.

Alirudi Misri mwaka 1831, kitabu cha safari yake kikapigwa chapa mwaka 1834, na mwaka 1835 likafunguliwa Cairo skuli la lugha ambalo yeye akawa mkuu wake. Humo wakafundishwa vijana waliofasiri kwa Kiarabu vitabu vya tiba, hisabu, jeshi, sheria na tarikhi. Tazameni sasa tafauti: vijana kadhaa walipelekwa kwa gharama ya dola, na majina yao wengi wetu hatuyajui, aliyeacha athari kubwa ni yule imamu aliyekwenda kuwachunga. Na sababu yake twaiona ni moja, kuwa yeye alikwenda akiwa amekwisha kuijua lugha yake na dini yake sawasawa, hata kila jipya alilolipata alikuwa na mahali pa kuliweka. Chombo chenye nanga ndicho kiwezacho kutia katika bandari yoyote.

Na watu wazima wasiseme kuwa haya ni ya vijana. Sheikh Muhammad Abduh alijifunza Kifaransa umri wake umekwisha kupita miaka arubaini, naye alikuwa alimu mashuhuri mwenye shughuli zake.

Ama suala la tatu, la kuwa elimu ya dini tu ndiyo yenye faida, hatutalirefushia. Mgonjwa wa mke wako humtafutia tabibu, na meli yako humtafutia nahodha, na nyumba yako humtafutia fundi. Elimu hizi ni faradhi ya kutoshelezana: wakiwapo wenye kuzisimamia, wengine husalimika, na wakikosekana, hupata dhambi sote. Wazee wetu wa zamani waliogopa skuli za Wazungu, na khofu yao haikuwa ya bure, kwa kuwa skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishenari. Lakini khofu ile haikufuatwa na kujenga badali ya kutosha, na matunda yake tumeyala: bandari ni yetu kwa jina, na walioketi afisini wakiandika ni wengine. Khofu isiyokuwa na kazi haimhifadhi mtu.

Na msidhani haya ni mambo ya wasomi peke yao. Wako mabinti na vijana wetu waendao Ghuba kwa kazi za nyumbani, udereva na ulinzi. Huwekewa mbele karatasi ya Kiarabu, huambiwa tia sahihi hapa, nao hutia. Kule afisini na mahakamani karatasi ya Kiarabu ndiyo itegemewayo. Mtu ameandikiwa mshahara, saa za kazi, na siku ya mapumziko, na haki hizo zi mkononi mwake, naye hazijui kwa kuwa hawezi kuzisoma. Na la kuhuzunisha zaidi ni kuwa wengi katika hawa wamepita chuoni, na Qur'ani wameikhitimu. Wanazijua herufi zote. Waweza kuisoma karatasi ile kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa makhraji mazuri, wasifahamu kuwa imewadhulumu.

Basi hili ni aibu yetu sisi walimu, si yao. Tumewafundisha watoto kutamka lugha, hatukuwafundisha lugha. Mtoto hukaa chuoni miaka sita au saba, akatoka hajui maana ya Fatiha anayoisoma mara kumi na saba kwa siku katika sala zake za faradhi. Kabla ya kuuliza kama ni halali kujifunza Kituruki au Kichina, natuulizane kwa nini Kiarabu kimebaki kwetu kuwa cha kusomwa bila ya kufahamiwa. Lugha ya kwanza ya kigeni ambayo Muislamu wa pwani ana deni nayo ni hii, na haihitaji pasipoti.

Sasa twarudi kwa khofu ya mzee wetu, kwa kuwa hatutaki aone kuwa tumemcheka. Wako waliokwenda wakapotea. Tumewaona waliorudi wakiona haya kula kwa mkono, wakamsemesha mama yao kwa Kiingereza ilhali wajua kuwa hakisikii. Wako pia waliokwenda nchi za Kiislamu wakarudi na ukali ambao hawakuwa nao, wamejifunza kuwahukumu watu kabla ya kujifunza kuwafundisha. Na hawa nao wamepotea, ingawa ndevu zao zimerefuka. Na katika mas-ala haya aya ya 122 ya Surat Tawba ina funzo kubwa. Mwenyezi Mungu ameeleza kuwa haifai Waislamu watoke wote, bali katika kila kundi watoke baadhi yao wakajifunze dini, kisha wawaonye watu wao watakaporejea kwao. Watu wetu hushika kule kutoka tu. Lakini safari hii imetajwa na marejeo yake. Mwanafunzi ana watu, na watu wale wana haki juu yake. Kwa hivyo kabla kijana hajatoka, yapasa wazazi na jamaa wamwambie waziwazi ni kitu gani mji wamhitajia: tabibu, mhandisi, mwalimu wa Kiarabu, mwanasheria. Asiyeagizwa hukawia.

Rai yetu kwa mzee huyu ni kuwa amruhusu kijana wake, kwa masharti haya. Ahakikishe kwanza kuwa nafasi ni ya kweli na kuwa chuo chatambuliwa na serikali yetu, kwani wako mawakala wanaokula fedha za watu kwa karatasi zisizokuwa na asili, na wazazi huuza kiwanja wakakosa kiwanja na chuo. Kisha amtazame kijana mwenyewe: yuasali bila ya kusukumwa? Ajua Qur'ani ya kumtosha na hukumu za tohara na sala? Akiwa hayo hayajui, asiyatarajie kuokotwa njiani; nabaki miezi michache ayajue. Na akifika, asikae na Wakenya wenziwe peke yao wakapika ugali na kusema Kiswahili usiku na mchana, kwani wengi hupoteza mwaka wa lugha kwa njia hii kisha wakaulaumu mwaka. Naingie msikitini mwa watu wale, asalimiane nao, ale nao, akosee mbele yao na wamrekebishe. Na kila juma awaandikie wazazi wake kwa Kiswahili kilicho sawa, barua kamili, si vipande vya maneno vya simu.

Ama mabinti, mas-ala ya kusafiri bila ya mahram yana khitilafu mashuhuri ya wanazuoni, nayo yataka makala yake peke yake. Lakini khitilafu ile ni juu ya safari, si juu ya elimu. Anayemzuia binti yake kusafiri kisha asimtafutie mwalimu hapa nyumbani, huyo hakufuata kauli ya mwanachuoni yeyote. Amefuata uzito wake.

Na kwa walio hapa, wasiokuwa na safari: darasa ya Kiarabu ya duru yetu yasomwa baada ya Magharibi, usiku wa Jumatatu na usiku wa Jumatano. Watu wazima wana safu yao, na wanawake wana mahali pao na mwalimu wao. Hakuna ada. Mwenye kuja naaje na daftari na kalamu, na ajue tangu sasa kuwa siku za mwanzo atakosea, na wenzake watacheka.

Wallahu aalam.